Moyo unaruka, vipimo safi, hofu haiishi: kisa changu cha miezi kumi na nne

Ilikuwa saa nane usiku, nasahihisha madaftari ya form three, chai ya rangi kikombe cha tatu, watoto wamelala, baba watoto kalala, umeme umerudi kama nusu saa hivi. Nimeshika kalamu nyekundu, moyo ukasimama. Haukusimama kweli, hilo sasa nalijua, ila ndo nilivyosikia: kimya kidogo kifuani, kama pale basi linaporuka tuta tumbo likabaki juu, halafu puh! pigo moja zito likanipanda mpaka kooni nikakohoa. Samaki akijigeuza ndani ya ndoo, huo ndo mfano wa karibu kabisa niliowahi kuupata. Nikaweka kalamu chini nikasubiri. Likaja lingine.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, nina miaka 36, nafundisha sekondari hapa Morogoro, shule imekaa kwenye mwinuko, unaingia madarasa ya juu kwa ngazi 46 (nimezihesabu, utaona kwanini). Kisa hiki naandika kama ninavyosahihisha swali refu la mwanafunzi, sitazami jibu tu, natazama njia, wapi alama ilipotea. Na jibu nalitoa mapema ili usisome kwa presha: moyo wangu hauna ugonjwa. Ulichangia kama robo ya mateso yale, robo tatu nilizipika mwenyewe kwa kuulinda.

Kuna kitu kilitangulia ambacho sikukiunganisha mpaka baadae sana. Miezi miwili kabla, baba mdogo alianguka bafuni, miaka 52, wakamkimbiza, hakufika hospitali. Msibani kila aliyeulizwa alisema hivohivo, "moyo ulisimama tu". Hakuna aliyetaja kwamba alikuwa na presha miaka kumi na dawa aliacha kwa sababu zilikuwa zinamsumbua, maana msibani nani atasema hayo. Mimi nikaondoka na ile sentensi, moyo ulisimama tu, nikaiweka sehemu, ikakaa inasubiri.

Basi usiku ule nikamwamsha baba watoto, bajaji, zahanati. Presha 152 kwa 94, mapigo 118 kwa dakika, malaria hamna. Kijana wa zamu akanitazama akasema, "Mama, hii ni gesi, nakupa omeprazole." Nilimchukia siku ile, ila sasa nikirudia kisa namwonea huruma, alikuwa na mtu mwenye hofu mbele yake saa tisa usiku na kipimo cha moyo hapo hakuna. Na hata la gesi sio uongo mtupu, wengi wetu tunayasikia haya mapigo tukishiba sana au tukilala ubavu wa kushoto, maana moyo unasogea karibu na ukuta wa kifua. Kosa ni kwamba jibu lilikuwa fupi kuliko hofu.

Sehemu ya pili nilipokwenda ndo waliniharibu. Nikapigwa eksirei ya kifua, yule aliyeisoma akaiinua kwenye mwanga wa dirisha akasema, tena kwa upole kabisa, "Moyo umetanuka kidogo, ila usiwaze." Sasa mtu unamwambia moyo umetanuka halafu usiwaze! Miezi mitatu niliishi na moyo uliotanuka. Baadae nikaja kuelezwa kwamba picha ikipigwa kutokea mbele badala ya mgongoni, au ikipigwa hujavuta pumzi vizuri, kivuli cha moyo kinatoka kikubwa kuliko moyo wenyewe. Kivuli! Nililia miezi mitatu kwa ajili ya kivuli.

Miezi hiyo mitatu ndo nataka tukae hapo kidogo maana ndo kiini.

Kwanza nikaanza kushika shingo. Vidole viwili, chini ya taya upande wa kulia, nasikiliza. Mwanzoni mara mbilitatu kwa siku, baada ya wiki chache nilikuwa nageukia ubao nijifanye naandika swali huku mkono wa kushoto upo shingoni, wanafunzi nyuma wananong'ona, nasubiri pigo lipotee. Na pigo likitafutwa linapatikana. Nikanunua saa ya mkononi ya kuonyesha mapigo, Kariakoo, elfu themanini na tano, nikawa naitazama kuliko ninavyomtazama mwanangu. Ile saa kwanza haikuwa inayanasa yale mapigo yenyewe, ilikuwa inaonyesha wastani tu, ila nikiona 97 nimekaa, basi hofu inapanda, inaonyesha 109, nikiona 109 inapanda 121, yaani mimi na saa tunapandishana kama wanunuzi kwenye mnada.

Halafu nikaanza kuacha vitu. Nikaacha chai, nikaacha kahawa, maharage usiku, kulala ubavu wa kushoto, kubeba ndoo. Nikaacha ngazi, nikaomba mwalimu mkuu anihamishie darasa chini nikasema magoti. Nikaacha kulala nyumba isiyo na mtu mzima. Kwenye pochi nikawa na aspirini nne ambazo hakuna mtu aliyeniandikia, chupa ya maji, na namba ya bajaji wawili. Mama alipokuja akasema, "Mwanangu, hili jicho la mtu," akanisomea, nikanywa kombe, na sitasema halikusaidia kitu maana usiku ule nililala usingizi wa kwanza baada ya siku nyingi, kuna mtu alikaa kichwani pangu akiniombea mpaka nikasinzia. Asubuhi nikiwa napiga mswaki, puh.

Kilichonitoa ni aibu. Mwanangu wa miaka sita aliniwekea vidole shingoni akauliza, "Mama, leo zinaruka?" Siku hiyohiyo nikatafuta miadi ya daktari wa moyo Dar.

Nikapanda treni ya SGR alfajiri. Daktari mwenyewe mtu mzima, anaongea taratibu, na kabla hajanigusa aliniuliza maswali kama robo saa. Umewahi kuzimia? Mapigo yanakuja ukiwa unakimbia, au ukiwa umetulia? Yanaruka moja moja au yanashika mbio ghafla kama umewasha swichi halafu yanazima ghafla? Kifua kinabana ukipanda mlima? Unakosa pumzi ukilala chali, miguu inavimba? Kwenu kuna aliyekufa ghafla akiwa kijana bila ugonjwa unaojulikana, au aliyezama maji wakati anajua kuogelea? Hapo nikamtaja baba mdogo. Akauliza presha, dawa, sigara, akatulia, akasema huyo ana maelezo yake, sio yale ninayoyatafuta. Hayo maswali nimeyaandika yote makusudi, kwa sababu ukijibu ndiyo kwenye lolote kati ya hayo, au yako yanakuja ukikimbia, au yanashika mbio kama swichi, basi kisa chako sio hiki changu, wewe wahi hospitali, na ukizimia au kifua kikabana usisubiri asubuhi.

Akanifanyia ECG, ile ya kuchora umeme wa moyo kwenye karatasi, safi. Eko, ile ya kutazama moyo kwa mawimbi ya sauti kama wanavyotazama mimba, nikaona moyo wangu kwenye skrini unafungua na kufunga, saizi yake ya kawaida, misuli inasukuma vizuri, vali hazivuji. Damu wakatazama tairoidi, potasiamu, magnesi, na wingi wa damu. Huko kwenye damu ndo kulikuwa na kitu kidogo, hemoglobini 10.6, kwa mwanamke asiye mjamzito inatakiwa 12 na kuendelea, hedhi zangu nzito, akaniandikia vidonge vya madini chuma. Alafu akanifunga Holta.

Holta ni kile kikasha cha kurekodi moyo saa 24. Kimeitwa kwa jina la mtu, Norman Holter, Mmarekani wa kule Montana, chombo chake cha kwanza kilikuwa mzigo wa kubeba mgongoni, karibu kilo 38, kama robo tatu ya mfuko wa simenti. Changu kilikuwa kidogo kuliko simu ya kitochi. Nikarudi nacho Morogoro na nyaya zangu chini ya gauni, dada aliyekaa jirani kwenye treni alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni njia nzima. Nikapewa karatasi, kila nikisikia kitu niandike saa na dakika. Mwalimu wa hesabu kupewa karatasi ya kujaza! Nilijaza mara 37.

Majibu sasa. Jumla ya mapigo 101,340. Ya ziada, yaani yale yanayojipiga kabla ya zamu yake, 1,912. Gawanya mwenyewe, ni kama asilimia 1.9. Daktari akasema wanaanza kuangalia kwa ukaribu kwamba misuli isije ikachoka yakifika kama asilimia kumi ya mapigo yote ya siku na kuzidi, yaani mimi ningetakiwa niwe na elfu kumi hivi. Ila kilichoniacha mdomo wazi ni kingine. Alichukua karatasi yangu ya mara 37 akailinganisha na mkanda wa Holta, ule mchoro wa mapigo yote. Mara tisa tu ndo kulikuwa na pigo la ziada kweli. Zile 28 zilizobaki moyo ulikuwa unapiga kama kawaida, wakati mwingine kwa kasi kidogo tu. Na usiku, kati ya saa saba na saa kumi, kulikuwa na mapigo ya ziada mamia, nimelala fofofo, sijasikia hata moja. Yaani nayoyasikia mengi hayapo, na yaliyopo mengi siyasikii. Hapo ndo nilianza kushuku kwamba mtihani huu sio wa moyo.

Nilimuuliza, sasa lile pigo linalosimama ni nini? Akasema, ushapanda daladala, konda anagonga bodi kabla abiria hajakanyaga ngazi? Ndo hivyo. Moyo una sehemu yake ya kuanzisha pigo, juu chumba cha kulia, inagonga kwa mpangilio. Mara mojamoja seli zingine huko chini zinajigongea zenyewe mapema. Gari linaondoka na abiria wachache, chumba cha chini hakijajaa damu, kwahiyo lile pigo la mapema ni jepesi, kwenye mkono hulisikii kabisa, unadhani limepotea. Halafu moyo unatulia kidogo kusubiri zamu yake ya kawaida, na katika kule kutulia damu inajaa kuliko kawaida, ndo pigo linalofuata linakuwa zito, puh. Kwahiyo unachokiogopa ni kile kimya, na kile kimya ni moyo unajaza maji kwenye ndoo. Akasema watu wengi wenye moyo mzima wakifungwa Holta wanakutwa nayo hayo ya ziada, tofauti ni nani anayasikia na nani hayasikii.

Nilitoka pale nimepona. Nikala chipsi kuku stesheni nikasubiri treni, nikampigia mama. Nilipona siku nne.

Siku ya tano nikiwa natandika kitanda wazo likaja, je kama siku ya Holta yalipumzika? Je kama lile baya halikuja siku ile? Nikaingia Google. Sasa hapa nataka niwe mkweli kabisa maana ndo pale alama yangu ilipotea. Nilikuta utafiti wa Marekani wa mwaka 1985, watu 73 wenye moyo mzima, wasio na dalili, ambao walikuwa na mapigo ya ziada mengi kuliko yangu mbali sana, kwa wastani mamia kwa saa, mimi yangu ni kama themanini. Wakafuatiliwa kwa wastani miaka sita na nusu. Kwa hesabu za watu wa kawaida wa umri wao vilitarajiwa vifo kama saba, vikatokea viwili, kimoja cha saratani, kimoja cha ghafla. Mwenye akili anasoma hapo anafunga simu analala, watu wale waliishi sawa na wenzao. Mimi nikamshika yule mmoja. Yule mmoja wa ghafla nikalala nae, nikaamka nae, nikaenda nae kazini. Watu 72 sikuwaona.

Ndo nikagundua kitu kuhusu vipimo, au tuseme nilikuja kugundulishwa. Jibu zuri la daktari linashusha hofu, sawa, ila linaishusha kama kumkuna mtu upele. Ule unafuu unaufundisha ubongo kwamba kumbe kulikuwa na hatari, na kilichotuokoa ni kuuliza. Kesho utauliza tena, na safari hii jibu litadumu siku tatu, halafu mbili. Ndani ya miezi minne nilifanya ECG sita, sehemu tofauti tofauti, moja nilimdanganya mhudumu kwamba natakiwa kwa ajili ya bima. Zote safi. Ya sita ilidumu mpaka getini.

Nikarudi kwa yule daktari nikiwa na ombi, nipe dawa ya kuyafuta. Akanisimulia kitu ambacho mpaka leo nawasimulia wenzangu. Marekani miaka ya themanini walikuwa na wagonjwa waliopata shambulio la moyo, wenye mapigo ya ziada, na walijua kwa wagonjwa hao mapigo ya ziada ni dalili mbaya, basi wakapewa dawa za kuyafuta, flecainide na encainide, wengine wakapewa vidonge vitupu. Dawa zilifanya kazi, mapigo yakafutika, mkanda ukawa msafi. Mwaka 1989 wakasimamisha haraka, na hesabu zilipotoka 1991 ni hivi: waliokunywa dawa 755, walikufa 63. Waliokunywa vidonge vitupu 743, walikufa 26. Mkanda msafi, watu wengi zaidi kaburini. "Mwalimu," akasema, "mimi sitibu mkanda." Akaongeza kwamba kuna dawa za kupunguza nguvu ya mapigo kwa wanaosumbuliwa sana, propranolol na ndugu zake, ambazo ni tofauti na zile, na angeweza kunipa dozi ndogo, ila angependa kwanza nimwone mtu mwingine, mwanasaikolojia. Niliona kama ananifukuza. Nilijisemea njiani, kwahiyo mimi kichaa.

Yule mwanasaikolojia ni dada mdogo kuliko mimi, ana daftari la kaunta tu na kalamu. Hakutaka kujua mapigo yangu mangapi. Alitaka kujua nimeshika shingo mara ngapi. Ndo ikawa kazi ya wiki ya kwanza, kuhesabu kushika, sio kuhesabu mapigo. Siku ya kwanza 64. Nilishtuka, mi nilidhani kama ishirini. Halafu ikawa hivi, ukitaka kushika, subiri dakika kumi kwanza, ukishindwa shika, ila andika. Wiki hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, lazima niseme, maana watu wakisimulia haya mambo wanasimulia kama kunywa uji. Mkono ulikuwa unaenda wenyewe. Nilikuwa nakaa juu ya mkono staff room.

Wiki ya tatu saa iliingia kwenye droo, chini ya vyeti. Aspirini nikatupa. Namba za bajaji nikabaki nazo kwa sababu bajaji ni bajaji.

Halafu ndo zikaja ngazi. Alinipa karatasi ya nguzo mbili, upande mmoja natabiri, upande mwingine naandika kilichotokea. "Nikipanda ngazi 46 haraka nitazimia kabla ya ya 30." Nikapanda. Moyo ukaenda mbio, nikahema, jasho, na nikafika juu nimesimama. Matokeo: sikuzimia, nimechelewa kipindi. Nikarudia siku kumi na mbili. Hapo nilijifunza kwa mwili, sio kwa maneno, kwamba moyo kwenda mbio unapopanda ndo kazi yake, na yangu ya ziada yalikuwa yanapungua nikiwa napanda na kurudi nikikaa, kitu ambacho daktari alishaniambia ila hakikuingia. Tukafanya vituko vingine, kuzunguka kwenye kiti mpaka kizunguzungu, kupumua kwa haraka dakika moja makusudi ili kifua kibane na vidole viwashe, halafu kukaa tu bila kufanya lolote. Kulala ubavu wa kushoto dakika tano, kumi, usiku kucha.

Nilimuuliza kuhusu kupumua taratibu, maana nilikuwa nimejifunza kwenye simu, vuta nne, shika nne, achia sita. Akasema kupumua ni kuzuri, ila wewe unakutumia kama hirizi, unapumua ili pigo lisije, na likija unaona umepumua vibaya. Huyu dada! Ni kweli, nilikuwa na hirizi nyingi kuliko mganga.

Kahawa nayo ikaja. Nilikuwa nimeiacha mwaka mzima kwa kuapa. Kuna utafiti mzuri tu uliotoka 2023, watu wazima 100 wakafungwa vipimo, siku wanaambiwa kunywa kahawa, siku wanaambiwa waache. Siku za kahawa mapigo ya ziada ya vyumba vya juu hayakuongezeka kwa maana yoyote, ya vyumba vya chini, kama yangu, yaliongezeka, kwa wastani 154 kwa siku dhidi ya 102, na walilala kama nusu saa pungufu. Kwahiyo kahawa sio uzushi, inaongeza kidogo kwa wengine. Swali la mwanasaikolojia lilikuwa tofauti: unaacha kwa sababu huipendi usingizi wako unavyokuwa, au unaacha kwa sababu unaogopa? Nikanywa kikombe kimoja, mbele yake, kahawa ya kuungua kabisa ya kwenye birika ya mzee wa kona. Yakaja matano. Tukaendelea kuongea kuhusu ada za shule. Siku hizi nakunywa asubuhi, jioni siinywi kwa sababu ya usingizi.

Alinisimulia pia kisa cha Claire Weekes, Mwaustralia, mwanasayansi kwanza na daktari baadae, ambaye ujanani alidhaniwa ana kifua kikuu akawekwa sanatoria, kumbe hakuwa nacho, akatoka na moyo unaodunda na hofu ya kufa. Rafiki yake aliyekuwa amepigana Vita vya Kwanza akamwambia hivyo ndivyo mioyo ilivyokuwa ikidunda kwenye mahandaki, ni hofu hiyo, unaogopa kuogopa. Mama huyu akaja kuwatibu watu maelfu kwa wazo hilohilo, usipigane nayo, iache ipite na wewe ukiwemo. Mimi kilichonigusa sio hekima yake, ni ile ya kwamba mtaalamu mwenyewe naye alianzia kwenye majibu ya vipimo yasiyo sahihi. Nikakumbuka kivuli changu dirishani.

Baba watoto alikuwa na kazi yake, na nadhani ilikuwa ngumu kuliko yangu. Miezi yote ile nilikuwa namuuliza usiku, "Unahisi niko sawa?" na yeye, kwa upendo, anajibu uko sawa, ananiwekea mkono kifuani anahesabu. Akaitwa kliniki. Akaambiwa, usihesabu tena, na akiuliza mwambie, "Hilo swali ulishalijibu, mama watoto." Usiku wa kwanza aliposema hivyo nilimnunia mpaka asubuhi, nikamwambia ukiamka ukanikuta maiti utajua. Akageuka akalala. Alikoroma! Mimi nikalala saa nane nikiwa na hasira, na ni hasira ile ilinipitisha kwenye hofu, maana huwezi kufanya vyote kwa nguvu moja.

Ile hemoglobini ilipanda mpaka 12.4 baada ya miezi mitatu ya vidonge (choo cheusi na tumbo kujaa, lakini nilimaliza). Mapigo yalipungua kidogo, nadhani, sikuwa nahesabu tena. Ila cha ajabu hofu haikupungua na damu. Ilipungua wiki zile mkono uliposhuka kutoka 64 kwenda 30, kwenda 11, kwenda siku nzima bila.

Sijasema imeisha. Mwezi wa kwanza mwaka huu, tulikuwa tunafanya mitihani, silali, mtoto ana homa, na yakaja sita mfululizo usiku, moja moja na pumziko katikati, kama mtu anagonga mlango taratibu. Nikavaa kanga nikatoka mpaka barazani na ufunguo mkononi. Nilikwenda? Nilikwenda, ndiyo. ECG ya saba, safi, na nilipokuwa nasubiri majibu nilijiona kabisa kama namtazama mwanafunzi anayerudia kosa lilelile kwenye alama ya kutoa. Mwanasaikolojia alipoandika kwenye daftari lake aliuliza kitu kimoja tu, umerudi kulala saa ngapi? Saa tisa na nusu. "Mwaka jana ungelala?" Mwaka jana nisingelala siku tatu.

Juzi Jumanne nilikuwa naandika ubaoni form three, quadratic equation, nipo kwenye kupanua mabano, na likaja, kubwa, lile la kukohoza. Chaki ikasimama kidogo. Kimya, puh. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika rula, ukabaki kwenye rula. Nikaendelea kuandika, mstari wa pili, wa tatu, nikageuka kuwatazama, na kijana wa nyuma kabisa, yule anayesinziaga, kanyoosha mkono.

"Madam, ile hasi ya mstari wa pili imeenda wapi?"

Nikatazama ubao. Kweli, nilikuwa nimeiruka.